Maji Baridi ya Mufindi: kwa anayetaka kulala porini na kuvua kwa nzi bandia

Wanaoniuliza habari za kupiga kambi kwenye milima iliyo juu ya Mgololo karibu wote huanza na chui. Wanataka kujua kama wapo, kama huvamia mahema, kama moto huwafukuza. Chui wapo katika misitu ya ukingo wa Udzungwa, na ni nadra sana mgeni kuwaona. Kinachowaumiza watu huku juu ni maji: mvua iliyopenya mabegani, umande uliolowesha soksi, jasho lililopoa mgongoni baada ya kupanda kilima. Mtu aliyelowa, upepo ukimpiga katika nyuzijoto nane au kumi, hupoteza joto la mwili mpaka mikono ikafa ganzi na akili ikaanza kuchanganyikiwa, wala hakuna barafu popote. Kwa hiyo nitaanza na kukaa mkavu, samaki watafuata. Mvuvi anayetetemeka hawezi hata kufunga fundo.

Mgololo wengi tunaijua kwa kiwanda cha karatasi na kwa TAZARA, reli iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ambayo kipande chake cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatoa jasho zaidi wajenzi kwa wingi wa mahandaki na madaraja. Ugumu huo wa wajenzi ndio utamu wa mvuvi, maana ardhi hapa inapanda ghafla kutoka bonde la Kilombero mpaka kwenye mashamba ya chai na misitu ya misindano ya Sao Hill, na katikati yake vijito vinashuka kwa kasi chini ya msitu wa asili. Vijito vya upande huu hushukia Kilombero. Vya upande wa pili huingia Ruaha Mdogo na kupita Iringa mjini. Vyote hatimaye hukutana Rufiji. Anayechafua kijito juu ya ukingo anamchafulia mtu, ni suala la saa au siku tu.

Kutoka Mafinga hadi Mgololo ni takriban kilomita 80. Wakati wa mvua barabara za udongo za huku huteleza vibaya, hata gari linalovuta kwa magurudumu yote linaweza kulala njiani. Ukiwa kwenye bodaboda na lori la magogo linateremka mbele yako, simama pembeni mpaka lipite. Dereva mwenye mzigo ule hana namna ya kukukwepa.

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Wakati huo mito imejaa, maji yana rangi ya udongo na samaki haoni chambo kinachoelea juu yake. Juni na Julai maji yametulia na ni maangavu, lakini ndiyo miezi ya baridi yenyewe, tena kingo za Mufindi hupata ukungu na manyunyu siku ambazo Iringa mjini jua linawaka. Anayetaka kuendelea mpaka Kitulo, uwanda wa takriban mita 2,600 uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ajue kwamba miezi hiyo umande huganda kuwa sakitu alfajiri. Maua yanayoipatia Kitulo sifa huchanua msimu wa mvua, kwa hiyo safari ya maua na safari ya uvuvi ni safari mbili tofauti. Kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza ningemshauri mwisho wa Agosti hadi Oktoba: usiku unavumilika, mito imepungua, na barabara zinapitika. Kasoro ya miezi hiyo ni moto, nitaurudia.

Sasa mavazi. Usivae jinzi. Pamba hunywa maji, huyakalia, na huchukua joto la mwili kuyakausha. Nenda mitumbani Mafinga au Makambako, utafute sweta la sufu halisi na jaketi la manyoya bandia, yale mepesi ambayo wauzaji huyafungua kwa wingi kwenye belo za nguo za baridi. Sufu hukupa joto hata ikiwa na unyevu. Wakazi wa Njombe na Makete wanavaa hivyo kila siku, na mavazi hayo yatakufaa kuliko jaketi jipya la dukani lililoshonwa kwa ajili ya mji. Juu yake weka koti la mvua lisilopitisha maji kabisa, hata kama ni la mpira na linakutoa jasho. Halafu kuna kanuni moja ambayo sikubali ivunjwe: nguo za kulalia hazitoki hemani. Seti moja kavu, na soksi zake, inavaliwa usiku peke yake. Asubuhi utavaa zilezile zilizolowa jana, utaona karaha kwa dakika kumi, kisha kutembea kutakupa joto. Atakayevaa zile kavu asubuhi kwa sababu ya uvivu, usiku atajuta.

Mkoba wa mgongoni, hata uliosifiwa vipi, huvuja. Kinga yake ninayoipenda ni tabaka la ndani la mifuko ya kuhifadhia mahindi isiyopitisha hewa, inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ni plastiki nzito, inaingia mzigo wote, na ukiizungusha mdomo na kuifunga kwa kamba unaweza kuuangusha mkoba mtoni ukauokota nguo zikiwa kavu. Ile mifuko myepesi ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, na hata zamani haikufaa kwa kazi hii.

Hema likiwa la bei nafuu, beba na turubai la kulitandaza juu yake, likiwa limeachana nalo kwa kiganja kimoja ili hewa ipite. Wengi huamka wakidhani hema limevuja, kumbe ni pumzi zao wenyewe zimegeuka matone kwa kukosa tundu la kutokea. Acha mlango wazi kidogo juu. Chini ya mgongo weka kitu cha kuzuia baridi: sponji nyembamba ya kukunja inatosha, na chini yake majani makavu yaliyoanguka. Ardhi yenye unyevu inanyonya joto kuliko hewa, na blanketi la pili juu ya mwili halizibi pengo la chini.

Mahali pa kulala pachague kabla ya saa kumi jioni. Kwenye mabonde haya giza linaingia mapema kwa sababu ya ukingo na miti. Usilale kwenye mchanga mzuri ulio kando ya mto. Mchanga ule uliletwa na mafuriko. Usilale chini ya mikaratusi, maana matawi yake huanguka bila upepo. Tazama ardhi vizuri kwa siafu: ukiona mstari wao umekatiza hapo, hama, usibishane nao. Na ukikuta mianzi iliyokatwa ncha na kufungwa mbeta za kukingia, hiyo ni mali ya mgema ulanzi, pombe ya mianzi. Usiiguse, usionje, usifunge kamba ya hema lako kwenye mianzi yake.

Kuhusu moto nina msimamo mkali kuliko wenzangu wengi. Kati ya Agosti na Novemba, karibu na misitu ya kupandwa, usiwashe moto wa kuni kabisa. Majani makavu ya misindano yanashika cheche moja, na mashamba haya ni akiba ya familia zilizopanda miti leo zikitarajia kusomesha watoto baada ya miaka kumi au kumi na mitano. Beba jiko dogo la gesi. Ugali unapikika, chai inachemka, na huachi jivu. Nje ya miezi hiyo, pale uliporuhusiwa kuwasha, kijiti cha msindano kilichojaa utomvu kitawaka hata kikiwa na unyevu. Kichonge nyuzinyuzi kwa kisu, nacho kitatosha kuwasha moto wa kukausha soksi. Ukiondoka, mimina maji, koroga, weka kiganja chini kwenye jivu. Kama huwezi kukaa na kiganja hapo, moto haujazimika.

Yote haya hayana maana kama hukuanza na ruhusa. Ardhi ya huku haina pori lisilo na mwenyewe. Kuna mashamba ya chai ya kampuni, kuna misitu ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uzungwa Scarp, na kuna misitu ya vijiji iliyohifadhiwa na wananchi wenyewe. Kila mmoja ana ofisi yake. Uvuvi nao una leseni yake chini ya Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, kwa hiyo muone ofisa uvuvi wa wilaya kabla hujafika mtoni, na ukiwa unakwenda Kitulo mambo yote ni ya Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA. Kisha nenda kwa mtendaji wa kijiji. Salimia, “Kamwene”, ngoja uitikiwe, eleza safari yako taratibu, saini kitabu cha wageni, andika siku utakayorudi. Mzee akikuuliza wewe ni mtoto wa nani, usione ni udadisi. Anatafuta mtu wa kumpa taarifa ukichelewa. Omba kijana wa kukuongoza na umlipe vizuri, kabla ya safari, kwa bei mliyokubaliana mbele ya mtendaji. Mtandao wa simu hukatika mara tu unaposhuka bondeni, na namba ya dharura 112 haina faida pasipo mnara. Aliye kijijini na anayejua ulikoelekea ndiye msaada wako wa kwanza.

Sasa tuje mtoni.

Trauti, samaki tutakaowavua, ni wageni hapa. Trauti wa upinde wa mvua asili yake ni mito inayoingia bahari ya Pasifiki, Marekani Kaskazini na mashariki ya mbali ya Asia. Nchini Kenya Ewart Grogan alileta mayai ya trauti kutoka Uskoti mwaka 1905 na kuyapandikiza katika mto Gura, milima ya Aberdare. Tanganyika nayo ikafuata enzi za ukoloni, na samaki hao wakawekwa kwenye mito ya Kilimanjaro, Usambara na nyanda zetu za juu kusini. Wanahitaji maji baridi yenye hewa nyingi. Maji yakizidi nyuzijoto ishirini hivi wanaanza kuteseka. Ndiyo maana usitegemee kuwapata bondeni Mgololo kwenyewe. Panda kuelekea chai, kwenye vijito na mabwawa ya juu, na waulize wenyeji ni kijito kipi bado kina samaki, kwa sababu si vyote. Na tafadhali, usiwahi kuwahamisha wakiwa hai kwenda kijito kingine kwa nia njema. Trauti wa upinde wa mvua na mwenzake wa kahawia wako kwenye orodha ya muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ya viumbe wageni mia moja waharibifu zaidi duniani. Hula wadudu na viluwiluwi vya vyura ambao hawapo kwingine kokote.

Anayependa samaki wa asili asikate tamaa. Samaki wadogo wa vijitoni nao hupanda juu kudaka nzi. Na mito ya Mnyera na Ruhudji, inayopokea maji ya kingo hizi na za Njombe na kuyapeleka Kilombero, ina samaki wakubwa wenye meno ya kutisha, aina iliyopewa jina la nchi yetu, Hydrocynus tanzaniae. Wavuvi wa nzi bandia husafiri kutoka Afrika Kusini na Ulaya kuja kuwatafuta. Nataka vijana wa Mufindi wajue hilo.

Uvuvi wa nzi bandia unatofautiana na ule wa kawaida kwa jambo moja. Katika ndoana ya kawaida chubwi ndilo zito, nalo huvuta mshipi. Hapa nzi hana uzito wowote, ni unyoya na uzi, kwa hiyo mshipi wenyewe hutengenezwa mnene na mzito ili ubebe nzi. Mwishoni mwa mshipi hufungwa uzi mwembamba wa nailoni usioonekana, wa mita mbili na nusu hivi. Unainua ufito, mshipi unaruka nyuma yako, unasubiri unyooke wote, ndipo unausukuma mbele. Kusubiri huko ndiko kunakowashinda wanaoanza: wanasukuma mapema, mshipi unajikunja na kuangukia vichwani mwao. Geuza shingo uutazame nyuma mpaka uone umenyooka. Fanya hivyo uwanjani, kwenye majani, bila ndoana, jioni kadhaa kabla ya safari.

Lakini chini ya msitu hakuna nafasi ya nyuma. Huko nakushauri uache mtambo wa kukunjia mshipi nyumbani na ufuate njia ya wavuvi wa milima ya Japani, ufito mrefu wenye mshipi wa urefu usiobadilika uliofungwa kwenye ncha. Ni kama ndoana aliyovua babu yako, na mwanzi wa Mufindi unatosha kabisa. Chagua ulionyooka, wa mita tatu na nusu, mwembamba nchani, ukauke kivulini wiki kadhaa. Fito za kaboni ni nyepesi na nzuri, ila hupitisha umeme. Radi ikianza kunguruma, iwe Kitulo au kwenye mlima wowote, laza ufito chini na uondoke kileleni.

Nzi mwenyewe unaweza kumfunga. Shika ndoana ndogo kwa koleo. Zungusha uzi mweusi wa cherehani kuanzia penye tundu hadi kabla ya mkunjo, urudi. Chukua unyoya wa shingo ya jogoo, ule mwembamba unaong'aa, ufunge kitako chake karibu na tundu, uuzungushe mara tatu au nne mpaka nywele zake zisimame pande zote, kisha funga na ukate. Hapo una kitu ambacho samaki mwenye njaa atakiona ni mdudu aliyeanguka majini. Kile kijino cha ndani ya ndoana kibane kwa koleo kilale. Kitakusaidia kumtoa samaki bila kumchana, na kukutoa wewe ndoana sikioni.

Kabla ya kurusha, geuza mawe. Inua jiwe moja lililo chini ya maji yaendayo kasi, litazame upande wa chini. Utaona vidudu bapa vyenye mikia myembamba vikikimbilia ukingoni, na vijumba vidogo vya mchanga vilivyogandishwa kwa utandu, ndani yake kuna lava. Hicho ndicho chakula cha trauti mchana wote. Kama juu ya maji hakuna wadudu wanaoruka, nzi wa kuelea hatafanya kazi. Funga mwenye uzito kidogo azame. Rudisha jiwe lilivyokuwa.

Samaki hukaa akielekea kule maji yanakotoka, mara nyingi nyuma ya jiwe au pembezoni mwa mkondo, mahali ambapo hahitaji kutumia nguvu na chakula kinapita karibu. Kwa hiyo mjie kutoka chini, ukipanda na mto, umeinama, kivuli chako kisimtangulie. Angusha nzi juu yake kidogo, umwache ashuke na maji bila kuvutwa. Nzi anayekatiza mkondo kinyume na mwendo wa maji anamshtua samaki. Kwenye kijito chembamba hupati kurusha zaidi ya mara mbili au tatu kabla hajajua kuwa upo, basi heri ukae dakika tano ukitazama.

Ukimpata wa kula, mgonge kichwani mara moja kwa jiwe au rungu dogo, asifie hewani akitapatapa. Matumbo yazike mbali na maji. Chumvi, mafuta kidogo, kikaango chenye moto, na ngozi yake nyembamba inakauka vizuri. Unaowarudisha washike kwa mikono iliyolowa, usiwatoe majini, uwaelekeze kwenye mkondo mpaka wapige mkia wenyewe. Wawili au watatu kwa chakula cha jioni wanatosha. Vijito hivi ni vidogo na havina samaki wa kujaza ndoo.

Maji ya kunywa yachote juu ya mashamba. Kuchemsha huua vijidudu, dakika moja ya kutokota sawasawa, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000, lakini hakuondoi mbolea wala dawa ya kunyunyizia. Choo kiwe shimo la kina cha kiganja, hatua mia moja kutoka kijitoni. Ukihitaji kuvuka mto uliojaa baada ya mvua, fungua mkanda wa mkoba kiunoni ili uweze kuutupa, na kama maji yanapita magoti kwa kasi, usivuke. Mito mifupi ya ukingoni hupungua haraka kama ilivyojaa, aghalabu asubuhi inapitika.

Jambo la mwisho ni buti zako. Mwaka 1996, kwenye korongo la Kihansi, ukingo huuhuu, watafiti walikuta chura mdogo wa manjano asiyezidi sentimita tatu, azaaye watoto badala ya kutaga, aliyeishi tu kwenye manyunyu ya maporomoko. Maji yakageuzwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ya megawati 180. Mwaka 2000 mamia ya vyura wakapelekwa kwenye bustani za wanyama Marekani kama akiba. Mwaka 2003 waliobaki wakapukutika, na miongoni mwao ikakutwa kuvu inayoua vyura duniani kote. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na tangu 2012 wamekuwa wakirudishwa kutoka kule walikohifadhiwa. Kuvu ile husafiri kwenye maji na matope, na mvuvi anayehama kijito hadi kijito akiwa na buti zilizolowa ni chombo chake kizuri cha usafiri.

Kwa hiyo unapotoka kijito kimoja, kwangua matope yote kwenye nyayo hapohapo. Ukifika Mafinga zisugue buti kwa brashi na maji ya jiki, uzisuuze mbali na mfereji, kisha zianike juani pamoja na wavu na mshipi mpaka zikauke kabisa, hata ndani penye vidole, kwa sababu kuvu hiyo haivumilii ukavu. Kama ratiba hairuhusu kuanika, beba jozi ya pili, au vua kijito kimoja tu safari hiyo.